Bamba la Chapati Halikai Juu ya Mtungi: Jinsi Mchuuzi Anavyoweza Kuchagua Jiko la Gesi

Saa kumi na moja alfajiri, kabla matatu ya kwanza haijajaa, mafuta yanachemka tayari kwenye steji nyingi. Chapati, mayai, smoki, viazi karai na chai ya maziwa ndicho kiamshakinywa cha maelfu ya wafanyakazi, na wanaokipika ni wachuuzi wenye mikokoteni na vibanda vya kufunga jioni. Wengi wao wanaacha makaa na kuhamia gesi. Sababu zinaeleweka: gesi huwaka mara moja, haina masizi, na biashara ikipoa mchuuzi huzima moto badala ya kuangalia makaa yakiisha bure.

Tatizo ni kwamba wengi huanza na jiko walilo nalo nyumbani, yaani mtungi wa kilo 6 wenye bana iliyofungwa juu yake na kile kiti cha chuma ambacho watu hukiita grili. Kwa sufuria ya ugali wa familia, kifaa hicho hakina neno. Kikipelekwa steji na kuwekewa bamba pana la chapati kwa saa tano mfululizo, kinafanya kazi ambayo hakikutengenezewa.

Sufuria ya kawaida huacha joto lipande pembeni mwake. Bamba pana hufunika moto wote kama kifuniko, na joto lililokosa njia hurudi chini, kwenye valvu na mabega ya mtungi. Mpira mdogo unaoziba kiungo cha bana na valvu hukauka na kupasuka. Wakati huohuo mtungi wenyewe unapata joto, na presha ya gesi iliyomo inapanda. Mitungi ina valvu ya usalama inayofunguka presha ikizidi. Gesi hiyo inayotoka kwa ajili ya usalama, hapa itatokea sentimita chache tu chini ya moto unaowaka.

Kuna dalili ambayo mchuuzi anaweza kuipima bila kifaa chochote. Mtungi unaotoa gesi unapaswa kuwa baridi unapoguswa. Kama mabega yake yana joto, chombo kilicho juu ni kipana kupita kiasi, na moto uzimwe. Uzito nao ni jambo jingine. Mtungi wa kilo 6 ni mwembamba, na bamba zito au sufuria kubwa ya maharagwe huufanya uwe mzito juu kuliko chini. Kwenye mkokoteni uliosimama kando ya barabara yenye mawe, gurudumu moja likiteleza vyote vinaanguka, na mafuta yanayochemka yanamwagikia mteja.

Si lazima mtungi huo utupwe. Unaweza kuwekwa chini na kuunganishwa na jiko lililosimama peke yake, kwa regulata inayoingia kwenye valvu yake na mpira wa gesi. Hilo ndilo badiliko la kwanza ambalo mchuuzi anapaswa kulifikiria kabla ya kununua kitu kingine chochote: kutenganisha moto na mtungi.

Baada ya hapo swali ni chakula gani kinapikwa. Chapati na mayai huhitaji bamba lenye joto la wastani lililoenea sawasawa, kwa hiyo bana mbili ndogo zilizopangwa chini ya bamba ni bora kuliko bana moja kubwa inayounguza katikati na kuacha kingo baridi. Bhajia na viazi karai huhitaji moto mkali chini ya karai moja. Mishikaki na nyama ya kuchoma huhitaji wavu, na wavu una shida yake: mafuta hudondokea kwenye moto na kuwasha miali inayoruka. Jiko la wavu liwe na trei ya kukinga mafuta, na mpira wa gesi upite upande ambao mafuta hayawezi kufika. Mwenye kuuza smoki na mayai ya kuchemsha hahitaji moto mkubwa hata kidogo, kwani kazi yake ni kupasha tu.

Bamba lenyewe lina siri yake. Chuma cha pua hung'aa na kuvutia wateja, lakini chuma cha kawaida hupitisha joto takriban mara tatu zaidi, na kikipakwa mafuta na kuchomwa mara kadhaa hakishiki chapati. Unene una maana pia. Bamba jembamba hupinda likipata moto, na chapati moja ikiiva nyingine inabaki mbichi. La milimita 4 hadi 6 huchelewa kupata moto asubuhi, ila likishaupata hubaki nao hata unga baridi unapowekwa juu yake. Mafundi wa jua kali hutengeneza mabamba mazuri sana, mara nyingine mazuri kuliko yale ya dukani, mradi mteja aulize chuma kimetoka wapi. Mabati yaliyopakwa zinki hayafai kupikia, kwa sababu zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Pipa lililowahi kubeba kemikali au rangi pia halifai, hata likisuguliwa mpaka ling'ae.

Wauzaji wa vifaa huita karibu kila jiko la kazi nzito. Swali la kuwauliza ni moja: jiko hili linakula gesi kiasi gani kwa saa? Bana ya kawaida yenye nguvu ya kilowati 2 hutumia takriban gramu 160 kwa saa. Mchuuzi anayepika saa tano kila siku kwa bana moja kama hiyo atamaliza mtungi wa kilo 6 kwa siku saba hivi. Jiko la bamba lenye bana tatu za namna hiyo, zote zikiwa wazi, hutumia karibu nusu kilo kwa saa. Mtungi wa kilo 6 utadumu siku mbili na nusu, na ule wa kilo 13 siku tano au sita. Anayejua hesabu hii anaweza kugawanya bei ya kujaza mtungi kwa idadi ya chapati anazouza, akajua kama biashara inalipa kabla ya kukopa pesa za kununua jiko.

Mtungi mdogo una kikwazo kingine chini ya jiko kubwa. Gesi iliyomo ni majimaji, na ili igeuke kuwa mvuke inahitaji joto, ambalo hulitoa kwenye mtungi wenyewe. Bana tatu zikivuta kwa pamoja, mtungi wa kilo 6 hupoa haraka, hutoa jasho, na asubuhi za baridi unaweza hata kushika barafu pembeni. Moto hudhoofika ingawa gesi bado ipo. Hapo ndipo wengine humwagia mtungi maji moto au kuusogeza karibu na jiko. Njia hizo zote mbili ni hatari. Dawa ni kutumia mtungi wa kilo 13 tangu mwanzo.

Kati ya mtungi na jiko kuna vitu viwili vya bei ndogo ambavyo wengi hununua mwisho, pesa zikiwa zimeisha: regulata na mpira. Presha ndani ya mtungi huwa bari kadhaa, ilhali jiko la kawaida limetengenezwa kupokea milibari 30 hivi. Regulata ndiyo inayopunguza presha hiyo. Majiko ya moto mkali ya kukaangia hutumia regulata ya presha ya juu, yenye kifungo cha kuzungusha, na hiyo haipaswi kamwe kufungwa kwenye jiko la presha ya chini. Miali itaruka na viungo vitaanza kuvuja. Mpira nao uwe wa gesi, si ule wa maji, na ubanwe kwa klipu za chuma pande zote mbili badala ya waya au kamba ya tairi. Vyote viwe na alama ya ubora ya KEBS. Kila mtungi unapobadilishwa, viungo vipakwe povu la sabuni, na mahali popote povu linapofura gesi inavuja. Kiberiti kisitumike kutafuta uvujaji.

Halafu kuna mkokoteni. Wachuuzi wengi hutengenezewa sanduku la bati chini ya meza ili kuuficha mtungi na kuulinda dhidi ya wezi. Ni wazo zuri lenye kasoro moja kubwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi juu ikaondoka, bali hutulia chini kama maji. Lita moja ya gesi iliyo majimaji hugeuka kuwa takriban lita 250 za mvuke, na hewa ikiwa na asilimia 2 tu ya gesi hiyo, cheche moja inatosha. Sanduku lililofungwa kila upande huigeuza mvujo mdogo wa usiku kuwa mlipuko wa asubuhi kiberiti kinapowashwa. Fundi aelezwe atoboe matundu makubwa kwenye sakafu ya sanduku na mengine juu, na aweke ukuta wa chuma kati ya mtungi na bana. Mtungi usimame wima daima, ufungwe usitikisike, na valvu yake ifikiwe kwa mkono bila kupitisha mkono juu ya moto. Kizuia upepo kizunguke jiko peke yake. Kikiuzunguka na mtungi pia, kinaupika.

Ununuzi wa gesi yenyewe unahitaji uangalifu uleule. Kanuni za mwaka 2019 zilifuta utaratibu wa lazima wa kubadilishana mitungi ya kampuni mbalimbali, na mtungi hujazwa na kampuni yenye nembo yake au ile waliyokubaliana nayo. Anayejaza mitungi ya kila rangi nyuma ya duka kwa bei ya chini huenda hajali kama valvu ni nzima wala kama uzito ni kamili. Usiku wa Februari 1, 2024, gari lililobeba gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, likaua watu na kujeruhi mamia, na Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, ilieleza kuwa maombi ya kibali cha kituo hicho yalikuwa yamekataliwa. Mnunuzi ana haki ya kuona mtungi ukipimwa. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, na mizani isome uzito huo ukijumlishwa na kilo 6 au 13. Ukisoma pungufu, aurudishe palepale.

Familia zinazobeba vijiko vidogo vya mikebe kwenda kupiga kambi nazo zizingatie tahadhari hiyohiyo. Bamba la kuchomea lisifunike upande ambao mkebe umelazwa, kwani mkebe ukipata joto unaweza kupasuka. Mikebe mingi ya aina hiyo ina buteni, ambayo hukataa kugeuka mvuke baridi inapokaribia nyuzi sifuri. Wanaolala kwenye miinuko ya Mlima Kenya au Aberdare wanaweza kuamka na jiko lisilowaka, na dawa yake si kuupasha mkebe kwa moto.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, leseni za biashara, udhibiti wa wanaouza chakula kwa umma na huduma za zimamoto ni majukumu ya kaunti. Mchuuzi anayebadilisha makaa kwa gesi anashauriwa kufika katika ofisi ya wadi kabla ya kumlipa fundi, akiwa na leseni yake ya biashara na cheti cha afya cha wanaoshika chakula, ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Aombe mkokoteni wake ukaguliwe na maafisa wa zimamoto, kwani tundu lililosahaulika ni rahisi kutobolewa kabla bati halijapakwa rangi.

Harufu ya gesi ikisikika, valvu ifungwe, moto wote ulio karibu uzimwe, wateja wasogezwe, na swichi yoyote ya umeme isiguswe. Mafuta ya karai yakishika moto, gesi izimwe na karai lifunikwe kwa kifuniko au blanketi bichi lililokamuliwa, wala lisimwagiwe maji. Nambari za dharura ni 999 na 112, na kupiga simu ni bure.