Keki ya ghorofa mbili, jiko moja la makaa

Mwaka jana mwenzetu mmoja hapa ofisini alimwahidi binti yake keki ya ghorofa mbili. Mtoto alikuwa anafikisha miaka minne, na neno ghorofa ndilo lililomshika. Aliambia darasa zima. Mama akapata mpishi wa keki mtandaoni, picha safi kabisa, bei sh. 5,000, ila nusu ilipwe kwanza. Alipoweka namba, jina lililotokea kwenye simu halikufanana hata kidogo na la ukurasa ule. Akauliza. Akajibiwa ati hiyo ni laini ya kaka, ya biashara ina shida leo. Akaweka PIN, na sh. 2,500 zikaenda. Jumamosi ya bathdei simu ya mpishi ilikuwa mteja, na watoto wakaimbia skonzi iliyochomekwa mshumaa.

Tunaieleza hadithi hii kwa ruhusa yake kwa sababu tunasikia zinazofanana nayo kila mara. Lile jina linalotokea kabla ya PIN halikuwekwa kama pambo. Likikataa kulingana na la mtu unayemlipa, hapo ndipo pa kusimama, hata kama mtoto amekwisha alika mtaa mzima. Ukikosea namba, omba pesa irudishwe mara moja, kabla haijatolewa. Lakini pesa uliyotuma kwa hiari yako, kwa mtu uliyekubaliana naye, ni vigumu zaidi kuirudisha. Yeye aliomba siku ya tatu. Akaunti ilikuwa tupu.

Mwaka huu mtoto anafikisha mitano, na mama akasema atapika mwenyewe. Hajawahi kuoka hata keki ya kikombe. Hana oveni pia. Tulienda kwake Umoja kumsaidia na, tukubali tu, kula.

Alikuwa ameanza wiki nane mapema. Kila Ijumaa aliweka sh. 400 kwenye akiba ya simu, kando na pesa ya matumizi, na hakuigusa. Vitu visivyooza alinunua kwanza: mikebe miwili ya kuokea kutoka kwa mafundi wa Kamukunji, mmoja wa sentimita 20 na mwingine wa 15, pamoja na vibao viwili vya kuwekea keki. Unga na sukari vikafuata mwisho wa mwezi. Mayai na majarini aliacha hadi siku mbili za mwisho. Palipokuwa na till alilipa kwa till, kwa sababu kwa kawaida mnunuzi hakatwi chochote hapo, tofauti na kutoa pesa kwa ajenti kwanza ndiyo ukalipe taslimu. Na kila mara alisoma jina la duka kwa sauti. Muuzaji mmoja alimcheka: "Kastoma, huniamini?" Akamjibu, "Wewe nakuamini. Kidole changu ndicho sikiamini."

Sasa keki yenyewe. Kipimo alichotumia ni cha zamani na hakihitaji hesabu nyingi: pima mayai na maganda yake, kisha weka uzito uleule wa sukari, wa majarini na wa unga wa ngano ambao tayari una beking pauda. Mayai manane yalikaribia gramu 480. Matano yalikuwa ya keki ya chini, matatu ya juu. Majarini na sukari vilipigwa kwa mwiko hadi vikawa vyeupe na vyepesi, na hapa mikono ilibadilishana, maana ni kazi ya dakika kumi na tano ukiwa huna mashine. Mayai yaliingia moja moja. Unga mwisho, polepole, bila kukoroga sana.

Oveni ilikuwa sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, imefunikwa na kupashwa moto kwa robo saa kwenye jiko la makaa. Mkebe ukakaa juu ya mchanga, kifuniko kikarudi, na makaa machache yakawekwa juu ya kifuniko. Moto uwe mdogo. Keki kubwa ilichukua zaidi ya saa moja, na kijiti kilichochomwa katikati kikatoka kikavu. Ndogo ilianguka. Aliyefungua kifuniko baada ya dakika ishirini ni mwenye bathdei, alitaka kuona kama ghorofa imeota. Hewa baridi iliingia na katikati pakabonyea kama sahani. Mama alinyamaza kidogo, akatuma mtu dukani kwa mayai matatu mengine.

Usipake krimu keki ikiwa na joto. Itayeyuka yote. Hizi zililala usiku kucha zimefunikwa, asubuhi kila moja ikakatwa katikati kwa kisu cha mkate. Krimu ilikuwa nusu kilo ya majarini na kilo moja ya sukari ya aisingi. Majarini huvumilia joto kuliko siagi ya maziwa, na kwa msomaji wetu wa Mombasa hilo si jambo dogo. Paka mkono wa kwanza mwembamba sana, hata ukionekana mchafu, kwa sababu kazi yake ni kukamata makombo. Iache kwenye friji nusu saa, ya jirani ikibidi, ndipo upake mkono wa pili.

Kinachowaangusha wanaoanza ni kudhani keki ya juu inakaa tu juu ya ile ya chini. Keki ni laini, itazama. Tulichukua mirija minne minene, ile ya kunywea maziwa mazito, tukachoma wa kwanza hadi chini, tukaweka alama pale krimu inapoishia, tukautoa na kukata yote minne kwa urefu huohuo. Ikarudishwa kwa mduara mdogo kuliko keki ya juu, ili isionekane. Keki ya juu ikakaa kwenye kibao chake, na kibao kikakaa juu ya mirija. Uzito unabebwa na mirija, keki ya chini haifinywi. Kama sherehe iko mbali, safirisha kila ghorofa peke yake na uziunganishe hukohuko. Tuta moja la barabarani linatosha kukuliza.

Mapambo yalikuwa ya mtu anayeanza, maua ya waridi upande ambao mkono ulikuwa haujachoka na nukta tu upande wa pili. Ghorofa ya juu iliinama kidogo kuelekea dirishani. Mtoto aliletwa macho yamefunikwa. Alipofunguliwa hakusema kitu, alinyoosha kidole akahesabu, moja, mbili, akahesabu tena. Kisha akamwuliza mama kama anaweza kupiga picha ampelekee mwalimu, "ndio ajue sikudanganya." Mama akaingia jikoni ati kutafuta kisu, akakaa huko muda.

Jioni tulikaa na simu yake tukajumlisha meseji za malipo. Hakuweka risiti hata moja ya karatasi, lakini kila kitu kilikuwa pale na tarehe yake, hata yale mayai matatu: sh. 3,140. Hapo makaa hayamo, alikuwa nayo. Akiba yake ilikuwa sh. 3,200, kwa hivyo ilibaki sh. 60, na mikebe iko kabatini.

Jambo moja tulilosahau, nawe usilisahau: kabla ya kukata ghorofa ya chini, toa mirija. Mjomba alitafuna mmoja kwa heshima zote, akidhani ni sehemu ya urembo.