Machozi Hayako Kwenye Minori

Vijana wa kwaya, Butembo kama Beni, hawachoki kuniuliza: "Mwalimu, tupige gamu gani ili watu walie?" Wamesikia selo, ile violini kubwa inayopigwa kwa upinde, ikiimba mbele ya orkestra, ikawagusa, sasa wanataka dawa yake. Na dawa wanayouziana ni ile ile: minori, gamu inayosemwa kuwa ya huzuni, mwendo wa polepole, kinanda kwenye sauti ya nyuzi, mwangwi hadi mwisho.

Dawa hiyo ni ya uongo. Sikilizeni konseto ya selo ambayo mtunzi Antonín Dvořák aliianza New York mwaka 1894. Dvořák alikuwa amekwisha kurudi kwao Bohemia wakati shemeji yake Josefina, ambaye yeye Dvořák aliwahi kumpenda ujanani, alipofariki Mei 1895. Akaurefusha mwisho wa konseto, akaingiza humo wimbo aliotunga mwenyewe ambao marehemu aliupenda. Majonzi ya konseto nzima yako hapo, na hapo gamu ni majori, ile inayosemwa kuwa ya furaha! Hanuš Wihan, mpiga selo rafiki yake, alitaka kupachika madoido ya kuonyesha ufundi. Dvořák alikataa katakata.

Kilio kinatoka wapi, basi? Kwanza, mkono wa kulia. Upinde ukikokotwa kwa uzito karibu na daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, sauti hukaza. Ukipita haraka na kwa wepesi karibu na shingo, hubaki pumzi. Mpigaji hubadilisha hayo ndani ya noti moja. Mwangwi wa kinanda hauwezi hilo. Unafunika tu noti iliyosimama.

Pili, orkestra. Selo huimba katikati ya sauti za juu na za chini, ambako ni rahisi kumezwa. Dvořák aliandika tromboni 3 na tuba, lakini selo ikiingia, vyombo vingi hunyamaza. Mmoja anasikika kwa sababu wengi wamempisha.

Watu wa Beni wamezika mno tangu mauaji ya raia yalipoanza Oktoba 2014. Kuwatoa machozi si ustadi. Wanastahili muziki unaowasikiliza.

Sasa fanyeni hivi. Zimeni mwangwi. Tumieni pedali kukuza na kupunguza sauti. Mwimbaji wa peke yake akianza, gitaa la bezi na ngoma zipungue. Mnaotaka nyuzi halisi, igeni Orkestra ya Kimbanguiste ya Kinshasa: Armand Diangienda aliianzisha 1994 kwa violini chache za kupokezana, na uzi ukikatika, waya wa breki ya baiskeli ulifungwa. Mkipata chombo, acheni nyimbo kwanza. Pigeni noti moja ndefu kila siku mpaka upinde uwatii.