Je, Wajua? Nakuru Ni Mji wa Mafundi

Je, wajua kwamba Novemba 2021 Nakuru uliingia katika Mtandao wa Miji Bunifu wa UNESCO, kundi la ufundi wa mikono na sanaa za jadi? Mwezi uliofuata, tarehe 1 Desemba, ukapewa hadhi ya jiji. Nakuru sasa uko kundi moja na San Cristóbal de las Casas, Meksiko, ambako wanawake wa Kimaya hufuma nguo kwa kitanda cha mfumi kinachofungwa kiunoni.

Na ufundi wenyewe huku Nakuru si wa juzi. Mwaka 1938, katika pango la Mto Njoro, wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walichimbua bakuli za mawe, shanga na chombo cha mbao kilichochongwa, vyote vya takriban miaka 3,000 iliyopita.

Leo, upande wa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, wapo wanaofuma mazulia ya sufu. Kazi hii inahitaji subira! Sufu mbichi hunata kwa mafuta ya kondoo, basi huoshwa kwanza, ikauke, ichambuliwe kwa vitana vya waya, kisha isokotwe uzi kwa gurudumu la mguu. Hapo ndipo hutiwa rangi, na mfumaji akaketi kwenye kitanda chake. Zulia moja kubwa huweza kumla mtu siku nyingi. Mteja anayepunguza bei mpaka ya mkeka wa plastiki anamdhulumu fundi, tena waziwazi. Ukitaka kujua thamani ya zulia, ligeuze utazame upande wa nyuma: mafundo yaliyokazwa vizuri hayajifichi.