Anza na vyoo, mwalimu

Likizo ya Agosti inapokaribia, vyumba vya walimu hujaa mazungumzo ya safari. Huyu aenda kwao Busia, yule amewaahidi wanawe Mombasa. Kwa muda wa miaka miwili nimekuwa nikiyasikiliza mazungumzo hayo kama asikilizaye habari za nchi ya mbali, kwa kuwa goti langu la kulia limeshikwa na baridi yabisi, na bila mkongojo sifiki hata langoni. Mwaka huu nimekata shauri kwenda. Sina gari, na mshahara wa mwalimu wajulikana. Kwa hivyo nitasafiri kwa matatu na kwa treni kama wananchi wenzangu.

Aliyenifunza namna ya kuipanga safari hii ni mtu niliyemkosea. Miaka mingi iliyopita nilipeleka darasa langu kuzuru Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Mwanafunzi mmoja aliyetembea kwa magongo tulimwacha shuleni pamoja na bawabu. Nilimwambia tungemletea picha. Hakulia wala hakulalamika. Aliuliza tu kama angeweza kuachiwa ufunguo wa maktaba. Leo ni mtu mzima mwenye kazi yake, naye hutumia kiti cha magurudumu. Nilipompigia simu kumwomba ushauri, hakunikumbusha jambo hilo. Alisema, "Mwalimu, usianze na hoteli. Anza na vyoo."

Alinieleza kwamba mwenye miguu mizima hupima safari kwa kilomita, ilhali sisi wengine huipima kwa vidato, milango na mahali pa kuketi. Wako watu wasiokunywa maji tangu jioni kwa kuogopa choo kilicho juu ya ngazi. Kesho yake kichwa huwauma njiani, nao husingizia jua. Basi nilizipigia simu nyumba za wageni za Voi, nikauliza swali moja: kutoka barabarani hadi kitandani kuna vidato vingapi? Wa kwanza alinijibu, "Hakuna shida, mzee." Hilo ni jibu lisilo na idadi, na mwalimu wa hesabu yeyote angelitia alama ya kosa. Aliyesema "vitatu, na choo ni cha kukalia" ndiye atakayepata pesa zangu. Simu mbili tatu kama hizo zingalipigwa wakati ule, mtoto yule asingalibaki na bawabu. Walimu wenzangu wanaopanga ziara za muhula ujao na wayahesabu magongo ya darasani mwao kabla ya kuhesabu viti vya basi.

Kwa nini Voi? Treni ya reli mpya, iliyoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka wa 2017, ni ya namna mbili. Iko ya haraka, ya saa tano hivi, na iko ya asubuhi inayosimama katika vituo vya njiani kama Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi. Nimechagua hiyo ya pole. Methali ya haraka na baraka nimeisahihisha katika insha zisizo na hesabu, wala sikudhani kwamba goti litanifunza maana yake. Nikiketi muda mrefu goti hukakamaa kama mti mkavu. Kwa hivyo nitashuka Voi siku ya Jumanne, nilale siku mbili nikiutazama mlima wa Sagalla, kisha Alhamisi nimalizie safari. Njiani huenda nikawaona ndovu wa Tsavo, wekundu kwa vumbi la udongo wao.

Lakini sehemu ngumu kuliko zote si hiyo ya treni. Ni matatu ya kunifikisha kituoni Syokimau. Kanuni za mwaka wa 2004 zilimpa kila abiria kiti na mshipi, jambo la kushukuriwa. Hazikukishusha kidato cha mlangoni, na gari huondoka mkongojo ukiwa bado nje. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka wa 2010 chamhakikishia mtu mwenye ulemavu haki ya kuufikia usafiri wa umma. Makanga hasomi Katiba. Husoma saa yake. Treni yenyewe huondoka wakati ule ule watu wanapong'ang'ania magari. Basi nitatoka nyumbani Jumatatu alasiri, nipande mwanzo wa njia gari likiwa bado tupu, nilipie kiti cha mbele, nikalale kwa shemeji yangu Mlolongo. Mzigo utakuwa mmoja tu, wa mgongoni, ili mkono mmoja uwe wa mkongojo na mwingine wa kujishikia wakati wa ukaguzi. Shemeji amecheka: siku nzima kwa safari ya saa moja! Na acheke.

Mombasa sitakwenda ufuoni, maana mkongojo huzama mchangani. Nitaketi Mama Ngina, penye njia iliyosakafiwa, nile mihogo na kutazama meli zikiingia.

Mwanafunzi wangu atashuka kwa treni ya haraka Alhamisi hiyo hiyo. Tumeagana kukutana Fort Jesus Ijumaa asubuhi, kabla jua halijawa kali. Hajawahi kuingia humo. Nimekwisha kupiga simu kuulizia vidato.