Chembe ya Moyo Ikimuuma Mjamzito, Tulikumbuke Kongosho

Mjamzito akilalamika kuwa chembe ya moyo inamuuma, wengi humwambia ni kiungulia, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini maumivu yakija ghafla, yakapenya hadi mgongoni, yakakaza kwa saa kadhaa huku akitapika bila nafuu, asipewe dawa ya kiungulia na kurudishwa nyumbani. Mwangalie anavyokaa: wengi huinamia mbele, wamelikumbatia tumbo, kwa kuwa kulala chali huwazidishia. Huenda kongosho limevimba.

Ugonjwa huu ni nadra. Hukadiriwa kumpata mjamzito 1 kati ya 1,000 hadi 10,000, hasa miezi ya mwisho. Chanzo kikubwa ni vijiwe vya nyongo. Homoni za ujauzito huongeza kolesteroli ndani ya nyongo na kuulegeza mfuko wake. Nyongo ikituama, vijiwe hujengeka. Kijiwe kikishuka na kuziba mahali mfereji wa nyongo unapokutana na ule wa kongosho, vimeng'enya vya kusaga chakula huanza kulila kongosho lenyewe. Wengine huugua kwa sababu ya mafuta ya damu aina ya trigliseridi, hasa yakivuka miligramu 1,000 kwa desilita. Damu yao ikitulia kwenye kichupa cha maabara, majimaji yake huonekana meupe kama maziwa.

Kipimo ninachokisisitiza ni cha damu: lipesi. Ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, na maumivu ni ya namna niliyoeleza, ugonjwa umethibitika bila kumpitisha mama kwenye CT. Ultrasaundi hufuata, kutafuta vijiwe. Presha, mkojo na chembe sahani zipimwe pia, maana kifafa cha mimba kinachokaribia nacho huuma papo hapo, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Matibabu ya mwanzo hayahitaji mitambo mikubwa: dripu ya Ringa lakteti kwa kiasi, dawa za kutosha za maumivu, na chakula mara tu anapoweza kula. Dripu za kumwaga ovyo hujaza maji mapafuni. Antibayotiki hazina kazi pasipo maambukizi. Mimba ikiwa kubwa, alale ubavu, na mapigo ya moyo wa mtoto yafuatiliwe. Kijiwe kilichonasa na kuleta homa na manjano hutolewa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, mionzi ikipunguzwa kadiri iwezekanavyo.

Linalonisikitisha ni mama anayepata nafuu akaruhusiwa na vijiwe vyake tumboni, eti upasuaji usubiri hadi ajifungue. Wengi hurudi na shambulio jingine kabla ya siku hiyo. Mfuko wa nyongo unaweza kuondolewa kwa usalama mama akiwa mjamzito, na wakati mwafaka zaidi ni kati ya mwezi wa nne na wa sita. Mimba ikishakaribia kutimia ndipo husubiriwa ajifungue. Hata hapo, aondoke wodini akiwa na tarehe ya upasuaji.