Ratiba ya muhula wa pili na swala ya mtoto wa sekondari



Ndugu msomaji, kila ifikapo Januari wazazi wengi huwa macho. Sare hushonwa, madaftari hununuliwa, na baba aliyebahatika kumpeleka mwanawe sekondari humuuliza maswali mengi: unapanda gari gani, unarudi saa ngapi, Ijumaa mnaruhusiwa kwenda msikitini? Akishajibiwa huridhika, na jibu hilo la Januari hulibeba moyoni mpaka Desemba. Shule zinapofunguliwa tena Julai kwa muhula wa pili, haulizi. Anaona mtoto ni yuleyule, shule ni ileile na njia ni ileile. Kumbe ratiba anayoifuata mtoto Agosti siyo ile ya Februari, sembuse ya Oktoba.

Yafaa kwanza tuelewe kwa nini ratiba hubadilika, kwani wako wanaodhani kila badiliko linalogusa wakati wa swala ni hila ya mtu. Katika sekondari zetu ratiba hupangwa na mwalimu wa taaluma, na kazi yake si nyepesi. Kipindi kimoja aghalabu ni dakika 40. Mwalimu mmoja wa Fizikia huenda anafundisha mikondo minne, naye hawezi kuwa katika madarasa mawili kwa saa moja. Maabara ni moja, na somo la majaribio huhitaji vipindi viwili vya mfululizo. Mwalimu wa Hisabati akihamishwa, au mwalimu wa Kemia akienda likizo ya uzazi, vipindi vyake hugawiwa wenzake. Hapo ni kama mkeka: ukivuta ukindi mmoja, na iliyo jirani yake husogea. Somo lililokuwa Jumatatu asubuhi hujikuta Ijumaa mchana, bila ya mtu kukusudia.

Kwa shule zenye kidato cha tano na cha sita, mabadiliko ni makubwa zaidi. Wanafunzi wa kidato cha sita hufanya mtihani wao wa taifa mwezi wa Mei na kuondoka, na wale wa kidato cha tano huanza masomo Julai. Kwa hiyo katikati ya mwaka darasa zima hutoka na darasa zima huingia, na ratiba husukwa upya. Isitoshe, kidato cha pili na cha nne hukabiliwa na mitihani ya taifa Novemba, na kabla yake kuna mitihani ya moko. Ndiyo maana muhula wa pili ndio muhula wa masomo ya ziada. Mtoto aliyekuwa akirudi nyumbani saa 9:30 alasiri katika muhula wa kwanza, sasa hurudi saa 11, na wengine saa 12 jioni.

Sasa, kuna jambo la pili ambalo wazazi wachache hulitazama, nalo ni jua lenyewe. Watu wa pwani na bara yetu tumezoea kusema kwamba kwetu nyakati za swala hazibadiliki, kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Maneno hayo yana ukweli ukitulinganisha na watu wa Ulaya, lakini si ukweli mzima. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepimwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, unaopita Somalia na Madagaska. Dar es Salaam iko magharibi ya mstari huo, kwenye digrii 39 na ushei. Jua huchukua dakika 4 kuivuka digrii moja, na kwa sababu hiyo halifiki utosini Dar es Salaam saa 6 kamili mchana, bali wastani wake ni saa 6:23. Tena wastani huo nao haukai mahali pamoja. Kwa jinsi ardhi ilivyoinama, na kwa kuwa mwendo wake kulizunguka jua una miezi ya kasi na miezi ya taratibu, katikati ya Februari jua hupinduka yapata saa 6:37, na mwanzoni mwa Novemba hupinduka yapata saa 6:07. Tofauti ni nusu saa nzima. Wanazuoni wa elimu ya falaki waliyajua haya na wakayaandikia majedwali karne nyingi kabla ya kuwapo saa za ukutani.

Nusu saa ni kitu gani? Kwa Adhuhuri huenda isimsumbue mwanafunzi sana, kwa kuwa wakati wake ni mpana. Itazame Alasiri. Kwa kipimo cha madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, Alasiri ya Dar es Salaam katikati ya Februari huingia kabla kidogo ya saa 10, na jua huzama yapata saa 12:47. Mwanzoni mwa Novemba Alasiri huingia kabla ya saa 9:30, na jua huzama kabla ya saa 12:20. Mtoto anayefika nyumbani saa 12 na robo jioni katika mwezi wa Februari ana nusu saa ya kutawadha na kuswali. Mtoto huyohuyo akifika saa hiyohiyo Novemba, jua linazama akiwa angali anavua viatu. Nao ndio msimu ambao shule humzuia kwa muda mrefu zaidi. Jua linatangulia na ratiba inachelewa, na kati ya viwili hivyo Alasiri hupotea, si kwa uasi wa mtoto wala kwa uadui wa mwalimu, bali kwa sababu hakuna mkubwa yeyote aliyekaa akahesabu.

Mzazi mmoja alinijia baada ya darsa, mwezi wa Oktoba, akiwa amefadhaika. Mwanawe wa kidato cha nne alikuwa hajaswali Ijumaa tangu Agosti. Alipomuuliza sababu, kijana alijibu kwa utulivu kwamba muhula huu Ijumaa wana majaribio ya Kemia, na yanakwisha saa 7:20. Hakuna aliyemkataza kwenda msikitini. Hakuomba ruhusa, mwalimu hakujua, na baba hakuuliza. Lililomuumiza zaidi yule mzazi ni kwamba kijana hakuwa na huzuni. Ijumaa ya kwanza ilimkera, ya pili ikampita, na ya nane hakuikumbuka. Mwenye kuacha jambo kwa kukatazwa hubaki na hamu nalo. Aliyeliacha kwa sababu ratiba imegeuka, hulisahau.

Suratun-Nisaa, katika aya ya 103, imebainisha kwamba swala ni faradhi iliyowekewa nyakati zake. Suratul-Jumua, aya ya 9, imewaamrisha waumini waache biashara inaponadiwa swala ya Ijumaa. Mvulana wa kidato cha pili na kuendelea aghalabu ameshabaleghe, na Ijumaa ni wajibu wake kama ilivyo wajibu wa baba yake. Wasichana hawakuwajibishwa Ijumaa, lakini Adhuhuri yao ni faradhi isiyo na mjadala. Hapa nasema wazi kwamba wasichana wetu husahauliwa. Ijumaa wavulana hutoka, na wasichana hubakishwa kufagia au kunakili notisi, pasipo mahali pa kuswalia wala maji ya kutawadhia, na wazazi wanaodai haki ya wavulana hawana neno juu yao.

Wapo watakaoniuliza: je, hawezi mtoto kukusanya Adhuhuri na Alasiri? Imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.), katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikusanya swala akiwa Madina pasi na hofu wala mvua, na baadhi ya wanazuoni wakairuhusu kwa mkazi mwenye haja, kwa sharti isifanywe mazoea. Haja ya siku moja ya mtihani ni jambo moja. Kumjengea kijana muhula mzima juu ya ruhusa hiyo ni jambo jingine, na mimi sioni njia ya kulihalalisha wakati mlango wa kuzungumza na shule uko wazi.

Mlango huo huwa wazi zaidi wiki mbili za mwanzo wa muhula. Katika siku hizo ratiba iliyobandikwa ubaoni bado ni ya muda, na mwalimu wa taaluma mwenyewe anatafuta migongano ili airekebishe. Mzazi akifika wakati huo na ombi mahususi, husikilizwa. Akifika Oktoba, mkeka umeshasukwa, na atakachoambulia ni pole. Ombi nalo liwe na hesabu ndani yake. Majaribio ya maabara ya Ijumaa yanaweza kubadilishana na somo la darasani la asubuhi. Mapumziko ya chakula ya siku hiyo yanaweza kusogezwa yakutane na khutba. Shule yenye vipindi 8 ikipunguza dakika 5 kwa kila kipindi siku ya Ijumaa, imekwishapata dakika 40 bila ya kufuta somo lolote. Kwa Alasiri haihitajiki hata kubadili ratiba: dakika 10 kabla ya kuanza masomo ya ziada, au katikati yake, zatosha. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda uhuru wa mtu kuabudu, na ni vyema mzazi aijue. Hata hivyo sioni busara kuanza nayo. Mkuu wa shule anayeletewa Katiba mezani kabla ya salamu hujihami, na hali angeweza kukubali kwa mazungumzo ya robo saa.

Tuseme ukweli pia juu ya watoto wetu. Aya ya 10 ya sura hiyohiyo ya Jumua inawaamuru watu watawanyike swala ikimalizika na warudi kutafuta riziki, na elimu ya mwanafunzi ndiyo kazi yake. Kijana anayeruhusiwa saa 6:30, akasikiliza khutba nusu, kisha akakaa kwenye kibanda cha chipsi mpaka saa 9, amewafungia mlango wenzake wa mwaka ujao. Mwalimu akimkatalia mwingine baada ya hapo, anayo hoja mkononi.

Na madrasa zetu je? Ziko nyingi zinazoanza saa 10 alasiri mwaka mzima, muhula hadi muhula, kana kwamba ratiba ya sekondari haibadiliki. Mwanafunzi wa kidato cha nne hukosa wiki mbili za Agosti, huchapwa au huaibishwa kwa utoro, kisha haonekani tena. Maalimu awahamishie vijana hao darasa lao Jumamosi asubuhi tangu Julai, wala asingoje wapotee. Wanaosoma Elimu ya Dini ya Kiislamu kwa ajili ya mtihani wa taifa watanufaika mara mbili.

Limebaki suala la wasomaji wa mikoani. Saa nilizozitaja ni za Dar es Salaam, na kadiri unavyokwenda magharibi jua huchelewa. Kwa wakati wa Adhuhuri, mkazi wa Dodoma aongeze dakika 14, wa Mbeya 23, wa Mwanza 25 au 26, na wa Kigoma 39. Maana yake ni kwamba katikati ya Februari Adhuhuri ya Kigoma huingia yapata saa 7:16, na mwanzoni mwa Novemba saa 6:46. Mkuu wa shule aliyehamia Kigoma kutoka Dar es Salaam, akaja na mazoea yake ya kuwapa wanafunzi nafasi ya Ijumaa kuanzia saa 6:30 hadi 7:30, Novemba atawatosheleza kwa shida. Februari atakuwa amewaruhusu kabla ya wakati wa swala kuingia na kuwaita darasani khatibu akiwa angali juu ya mimbari, naye atashangaa kwa nini wanachelewa kurudi. Wazazi wa huko wamwendee na hesabu hizi mapema, Januari na tena Julai.