Kijiji Kwanza, Jina Baadaye

Ukienda Haridwar, mji mtakatifu wa Wahindu kaskazini mwa India, kutafuta babu zako, haitoshi kutaja jina lako. Utaulizwa wazee wenu walitoka kijiji gani. Jambo hili nililisikia Parklands, Nairobi, kwa bibi mmoja wa Kipunjabi, mwalimu mstaafu anayewasaidia majirani kufuatilia nasaba zao, na tangu hapo halijanitoka kichwani. Wajukuu wengi wa wajenzi wa reli wanajua kila kitu kuhusu ukoo wao isipokuwa jibu hilo.

Historia ya reli tunaijua. Kati ya 1896 na 1901 vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi, kutandika njia kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Karibu 2,500 walifia huku. Wengi walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Zaidi ya 6,700 wakabaki.

Huko Haridwar, makuhani waitwao panda wamerithishana, baba kwa mwana, madaftari marefu yaitwayo vahi. Kila ukoo wa panda una wilaya na vijiji vyake. Mtu akija kutia majivu ya marehemu wake katika mto Ganga, humtafuta panda wa kijiji chao. Daftari hufunguliwa, naye husomewa wazee waliofika hapo kabla yake na kile walichoandikisha. Kisha zamu yake inafika: nani amezaliwa, nani ameoa, nani amefariki. Mwisho hutia sahihi yake. Hata vijiji vilivyoangukia Pakistan mwaka 1947 vingali vimo, na mahakama za India zimewahi kuyapokea madaftari hayo kama ushahidi katika kesi za mirathi.

“Nilimkuta babu yangu,” bibi ananiambia. “Mwandiko wake mwenyewe, mwanangu. Picha yake tunayo nyumbani tangu nikiwa mdogo, lakini picha haikuwahi kunitoa machozi. Pale niliona alivyokuwa akikandamiza kalamu.”

Kwa wale waliosahau kijiji, bibi haanzi na pasipoti. Anaomba aonyeshwe vyombo vya jikoni. Mabibi harusi wa Kipunjabi walikuja na masinia na sufuria za shaba kutoka kwao, na ilikuwa desturi kuchonga majina juu yake. Yeye huvipindua kimoja kimoja, akivisugua kwa ndimu mpaka herufi zijitokeze. Mara nyingine hupata jina la bibi harusi peke yake. Mara nyingine, kwa bahati, na la kijiji. “Karatasi za serikali zitakwambia Punjab. Punjab ni kubwa! Sinia litakupeleka mpaka mlangoni.”

Nilimuuliza kuhusu wanawake wenyewe. Akanyamaza kidogo. Vahi hufuata upande wa baba, akasema; binti akiolewa, habari zake huhamia kwa panda wa mumewe. Na wale waliobaki huku wakaoa wenyeji? Mtoto aliyezaliwa kandokando ya reli, Kibwezi au Makindu, nani alipanda meli kwenda kumwandikisha?

Anaijua familia moja ya namna hiyo. Babu yao mkuu alikuwa fundi wa reli, bibi yao mkuu Mkamba. Kijiji wamekwisha kukipata, tena kwa sinia. Tatizo lao ni jingine: wanaogopa kwamba panda atamwandika fundi na wanawe, na yule mama Mkamba aliyewalea awekwe kando.

Bibi amewaambia waende. Kalamu hukabidhiwa mgeni, anasema kwa ukali ambao sikuutarajia, na mwenye kalamu ndiye anayejua mama yake ni nani. Je, panda atakubali? Na akikubali, atamweka kijiji gani, ikiwa Ukambani haumo katika daftari lolote la Haridwar? Familia bado inachanga nauli.